Sabuni Ambayo Haijakomaa

Binti yangu amerudi kutoka chuoni na kufanya mapinduzi nyumbani kwangu. Sabuni ya unga imetupwa, dawa ya sakafu imetupwa, na mahali pake pana siki, malimau na bonge la sabuni ya mawese lililofungwa kwa jani kavu la mgomba. Eti ni vya asili, haviumizi ngozi. Nilimsikiliza kwa adabu, maana wazazi wa siku hizi ndio tunaofundishwa. Kisha nikalinusa lile bonge, nikatoka nje kukaa peke yangu.

Sabuni hiyo, rafiki yangu, ilipikwa uani kwetu Ujiji, miaka ile ya wakimbizi. Bibi yangu alikuwa amempa chumba cha uani mama mmoja aliyevuka kutoka Burundi, akapitia Kagunga na kufika kwetu kwa boti, bila mume wala mtoto. Alitakiwa awe kambini. Bibi alisema aliyekwishakula chakula chake hapelekwi kambini, na sisi wa nyumbani tukaagizwa tufunge midomo.

Yule mama hakupenda kukaa bure. Alichoma maganda ya ndizi, akatia majivu kwenye chungu chenye tundu chini, akayamwagia maji, nayo yakadondoka taratibu yakiwa yamekoza kama chai ya rangi. Hayo ndiyo aliyoyachemsha na mawese, akikoroga kwa mti mrefu huku akiimba nyimbo za kanisani kwao. Bibi, tasbihi mkononi, alimwitikia kwa kuguna, maneno hayajui. Harufu ya mawese ya moto ilichanganyika na ya migebuka, samaki wa ziwani, iliyokaangwa kwa jirani, nasi watoto tukashinda na njaa. Kwa sabuni ile tulisugua masufuria, sakafu, nguo na vichwa vyetu.

Sharti lilikuwa moja: mabonge yalale kwenye uchaga majuma mawili kabla ya kuguswa. Kila nilipoyasogelea aliniambia, “Rindira, mwana wanje. Subiri, bado haijakomaa.”

Sikusubiri. Jumapili moja sabuni ya zamani iliisha, naye alikuwa kwenye sala, nami nilitaka blauzi nyeupe ya Jumatatu. Nikachukua bonge bichi. Blauzi ilikauka na madoa ya rangi ya chungwa, na asubuhi yake mwalimu wa zamu alinitoa mbele ya mstari, fimbo mkononi. Ningeweza kusema kosa ni langu.

“Ni sabuni mbaya, mwalimu,” nilisema. “Katupikia Mrundi anayekaa kwetu.”

Shule nzima ilicheka, nami nikacheka nao. Sikuchapwa. Mwalimu sidhani kama alilifikisha neno lile popote, ila watoto mia walirudi nalo makwao. Alhamisi alikuja mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili.

Walimkuta anakoroga. Aliomba amalize, maana sabuni ikiachwa nusu inaharibika. Walikataa. Bibi alikana, akadai yule ni mtoto wa ndugu yake wa Kasulu, hadi mwenyekiti akamkatiza kwa upole kwamba asijisumbue, mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyesema shuleni. Bibi na mgeni wake wakanigeukia. Yule mama alinishikisha ule mti wa kukorogea, akachukua kitenge chake kambani, akawafuata. Nilikoroga mpaka moto ukazimika, mafuta yakaelea upande wake na maji upande wake.

Bibi hakunipiga, na mpaka leo natamani angenipiga. Alisema tu, “Blauzi ingefuliwa tena.” Hakuna aliyepika sabuni uani pale baadaye. Chungu kilivunjika, uchaga ukawa kuni, na Bibi alifua kwa sabuni ya dukani mpaka alipofariki.

Baada ya kumzika, nikiwa mtu mzima tayari, nilikwenda kambini kumtafuta yule mama. Karani alikuwa mtu mwema. Alifungua daftari, akaniuliza jina la ninayemtafuta. Nilimweleza alivyoimba, alivyochoma maganda, alivyokuwa na kovu dogo kwenye kiwiko. Akaniuliza tena jina. Mwaka mzima nilikula mezani naye nikimwita Mama tu, kama mtoto yeyote mwenye adabu, na aliyelijua jina lake nilikuwa nimemzika juma lile. Karani alisubiri kidogo, kisha akafunga daftari na kumwita aliyekuwa nyuma yangu.