Marundo ya Mtoni

Kaka yangu alikuwa nyapara wa kukata miti kando ya kijito kinachopita chini ya kwetu, Sikuda. Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, wakati ugonjwa wa malale ulipoingia vijiji vya upande wa ziwani na serikali ikaamuru vichaka vyote vya mtoni vifyekwe, kwa kuwa mbung'o wanaoueneza hupenda kivuli na maji. Kila mji, yaani kila kaya, ulitoa mtu wa kwenda kufyeka. Kaka aliwekwa kuwa mkubwa wao. Elimu hakuwa nayo, alisoma madarasa matatu na mimi nilimpita kwa moja. Walimchagua kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta na kitu cha mtu.

Amefariki mwaka huu. Watu walisema mengi mazuri kaburini, na mengi yalikuwa kweli, lakini hili la marundo hakulisema mtu, maana waliolijua wamekwisha. Nimebaki mimi. Naliandika kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu ambayo si nzuri.

Kukata mti hakukuwasumbua watu. Kilichowasumbua ni mabaki yake. Mti ukishaanguka, matawi, magome na vipande vyote viliondolewa siku hiyohiyo na kupangwa marundo mahali penye jua, hatua thelathini kutoka majini. Kila rundo lilikaa juu ya magogo mawili yaliyolazwa kama reli, ili upepo upite chini na ardhi ikauke. Nyasi za kulizunguka zilipaliliwa zisije zikabeba moto. Rundo likikauka lilichomwa palepale mpaka likawa majivu, siku aliyoipanga afisa Mzungu wa Tororo. Na mtu yeyote asibebe hata tawi kwenda nalo nyumbani.

Hatua thelathini alizipima kaka mwenyewe, naye alikuwa mrefu. Wenzake walimlalamikia, "Nyapara, hizo ni hatua zako au za twiga?"

"Kama zenu ni fupi, tembeeni arobaini," akawajibu, wakacheka na kubeba.

Amri ya kutobeba ndiyo iliyowauma watu. Wengi walidhani mbung'o anakaa ndani ya mti, kama wale wadudu wanaotoboa mbao. Basi walikuwa wakichukua gogo kwa siri, wanalipitisha juu ya moshi wa majani mabichi, kisha wanalitupa nyuma ya jiko chini ya migomba, wakiamini wamelisafisha. Kaka hakuwagombeza. Aliwaita wote, akageuza gogo moja la zamani lililolala kivulini, akachimba udongo wa chini yake kwa kidole na kuwaonyesha vitu vidogo vyeusi kama punje za kunde. "Hawa ndio watoto wake," akasema. "Anawaficha chini ya gogo, kwenye udongo wenye baridi. Ukilipeleka gogo kwako ukalilaza kivulini, umemjengea nyumba." Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimeolewa upande wa Mulanda, lakini nilikuwa nimerudi kumuuguza baba, ambaye kifua kilikuwa kimemlemea.

Ng'ambo ya kijito aliishi mama mmoja mjane aliyekausha samaki kwa moshi na kuwauza. Mvuvi akileta samaki na kuni hakuna, samaki huoza siku hiyohiyo, kwa hiyo kuni kwake zilikuwa chakula cha watoto. Asubuhi moja kaka alikutana naye njiani, amebeba magogo mawili ya rundo kichwani. Mimi nilikuwa nyuma na mtungi.

"Mama, tafadhali, hayo ni ya kuchomwa," kaka akasema.

"Nami nakwenda kuyachoma. Nayachoma chini ya samaki."

"Hayatakiwi kutoka pale."

"Wewe mtoto, mkono wako unachoma kuni za Mungu bure kabisa na mimi watoto wangu wanakula ugali mkavu?" Akayatupa chini. "Haya, nyapara. Beba. Wewe nawe ipo siku utafiwa. Nitakuja kuangalia moto wa kwenu unawaka kwa kuni gani."

Kaka aliyatia kichwani yote mawili, akayarudisha rundoni. Nilimwonea haya. Nilidhani mwanamume mwenye akili angegeuka upande mwingine akajifanya hakuona.

Haikupita mwezi, baba akafariki. Ilikuwa asubuhi, na mkono wake ulikuwa katika mkono wangu.

Kwetu mwanamume mwenye mji akifa, moto huwashwa uani. Wanaume hukaa kuuzunguka na kulala hapo, na hauzimwi mpaka siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga. Ukizimika kabla ya hapo, watu husema mji ule hauna mwenyewe tena. Moto wa namna hiyo unataka gogo nene linaloshika kaa. Nasi tulikuwa na nini? Vichaka vimefyekwa na mashamba karibu yote ni pamba. Jioni ile ya kwanza tuliwasha kwa mabua ya pamba na magunzi ya mahindi, nayo yakawaka haraka kama karatasi na kwisha. Chini ya kilima marundo yalionekana wazi, makavu, yamepangwa vizuri na mwana wa marehemu mwenyewe.

Baba mdogo akalianza mbele ya watu wote. "Mwanangu, magogo unayo. Watume vijana."

"Si yangu, baba."

"Ni ya nani? Ya Mzungu? Mzungu analala Tororo. Baba yako analala hapa."

"Najua, baba."

"Akija kuuliza, mwambie mzee alisikia baridi."

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Kaka hakucheka. Alisema tu, "Yule mama wa ng'ambo nilimnyang'anya magogo mawili. Nikichukua hata moja leo, basi nilimwibia." Kisha akainama kuokota magunzi na kuyaongeza motoni, moja moja, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Alikesha hivyo.

Sasa naja kwenye sehemu yangu. Kulipopambazuka niliona moto umebaki jicho moja jekundu katika majivu, na wazee wanautazama. Hasira ilinipanda. Niliteremka mtoni peke yangu, nikachagua gogo zuri kuliko yote, nikajitwika na kupanda nalo kilima. Nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Punje zile nyeusi nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Nililibwaga karibu na moto mbele ya kila mtu, nikasema kwa sauti, "Baba hatazimikiwa nikiwa hai."

Kaka alisimama. Nilitegemea anipige au anitukane, na ningefurahi, kwa sababu ningepata la kumjibu. Akaja karibu, akashika ncha moja ya lile gogo.

"Dada," akasema polepole, "nishikie upande wa pili."

Sijui kwa nini nilishika. Labda kwa sababu hakupandisha sauti. Tulitoka uani watu wakitutazama, tukateremka mpaka rundoni, tukalipandisha mahali pake juu ya reli zile mbili. Tuliporudi hakwenda kwenye moto. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba yake ndogo na kuchukua shoka.

Huko nyuma kulikuwa na nguzo zake za lusiola, mti wetu wa kujengea, ambao mchwa hauwezi. Alikuwa ameikata katika shamba lake mwenyewe, miti aliyoipanda akiwa kijana, akaiacha ikauke juani mwaka mzima, imeinuliwa juu ya mawe. Ilikuwa ya nyumba kubwa aliyomwahidi mke wake. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya kapera, na sasa walikuwa na watoto wawili, na wa tatu njiani.

Wifi yangu alitoka jikoni akamkuta amesimama na shoka.

"Mama watoto," kaka akamwambia, "nataka kuzikata hizi kwa ajili ya mzee. Unasemaje?"

"Unaniuliza na shoka umeshalishika?"

Akaliweka chini. Kweli aliliweka chini, akangoja. Wifi aliziangalia nguzo zile muda mrefu, kisha akaniangalia mimi kana kwamba ni mimi niliyemuua mzee. "Anza na zile zilizopinda," akasema, akarudi jikoni.

Lakini zilizopinda zilikuwa chache, na nyembamba. Kufika saa nne kaka alikuwa ameshaikata nguzo ya kati, ile nene ya kubeba paa lote. Tuliiweka motoni vipande vitatu. Lusiola mkavu hauwaki kwa kishindo. Unashika polepole, na kaa lake linakaa. Baba mdogo aliyezungumza jana yake alivuta kigoda chake nyuma kwa sababu ya joto.

Mchana yule mama mjane akaja. Alikuja na beseni la samaki waliokauka, lakini hakukaa na wanawake. Alikwenda mpaka motoni mahali pa wanaume, akainama, akabandua gome kidogo la gogo na kulinusa.

"Hii ni lusiola," akasema. "Mtoni haukuwepo lusiola."

"Ndiyo, mama," kaka akamjibu.

"Hii ni nguzo."

"Ndiyo."

"Ya nyumba ya nani?"

"Yangu."

Nilifikiri yule mama atacheka, na kwa kweli angekuwa na haki. Badala yake aliweka beseni chini, akakaza nguo yake kiunoni na kuanza kumlilia baba kwa sauti kubwa, akimwita ndugu yake, mwenye kulea, mwenye kuzaa mtu. Wanawake tukainuka tukamfuata. Baadaye tulipokuwa tunagawa samaki wake alininong'oneza, "Usidhani nimesahau. Kuni zangu bado nazitaka." Nami nikampenda kwa hilo.

Moto haukuzimika. Mpaka siku ya kunyoa, nguzo zilizobaki hazikutosha hata kujengea banda la kuku.

Baada ya matanga yule afisa alikuja kwa gari lake kukagua. Sisi tulimwita Bwana Mbung'o, naye alijua na hakukasirika. Karani wa chifu alikuwa amemsimulia habari ya zile nguzo. Alimpa kaka pole ya baba yake, tena kwa adabu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba kama kaka angalituma mtu na baiskeli Tororo, yeye angalimpa ruhusa ya gogo moja au mawili, maana msiba ni msiba.

"Asante, bwana," kaka akasema. "Na yule mama wa samaki, ungempa?"

Afisa akatoa kitabu chake, akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Amri haikubadilika mwaka ule wala uliofuata. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyeiba tawi rundoni, na kaka hakulazimika kumwambia mtu lolote. Watu walikuwa wakipita kando ya yale marundo kama wanavyopita kando ya shamba la mwenzao.

Mvua zilipokuja, wifi alihamisha kitanda chake kila usiku akikimbia matone. Alizaa mtoto wa tatu katika ile nyumba ya kapera. Alikuwa akisema, "Nguzo zangu waliziota moto wazee," na hakusema kwa mzaha. Sitaki kuandika kwamba alikuwa radhi. Hakuwa radhi kwa muda mrefu, na kaka alijua, akapanda lusiola mingine.

Kiangazi kilipofika, siku ya kuchoma ikapangwa. Nilikuwa nimekuja kusalimia, nikateremka na wafyekaji. Kaka alikagua kila rundo, akahakikisha nyasi zimepaliliwa, akawapanga watu na matawi mabichi ya kuzimia cheche, kisha akawasha yeye mwenyewe. Zilikuwa kuni nzuri sana. Zingepika vijiji vitatu. Ziliwaka tangu asubuhi, joto likafika mpaka ng'ambo ya kijito, na wenzake walipokwenda kula yeye alibaki na mti mrefu, akisukuma ndani ncha zilizobaki nje zisije zikaachwa nusu.

Nilimpelekea uji, nikasimama karibu naye. Uso wake ulikuwa umejaa majivu. Nikamuuliza kama inamuuma.

"Inauma sana, dada," akasema, akasukuma gogo jingine ndani.