Sosi Nzito kwa Majani ya Ayeyo

Daktari alimwambia ayeyo, nyanya yangu mzaa mama, ale mboga za majani kila siku, la sivyo presha itamwangusha. Alirudi kwetu Galbet akicheka mpaka akakohoa. Amekulia kwenye ngamia kule Modogashe. Kwake majani ni kitu kinachopita kwanza tumboni mwa mnyama.

Nikaamua kumbembeleza kwa sosi, ile nyeupe, nzito, inayotanda juu ya saladi kama shuka safi. Nilichukua maziwa lala ya ngamia kwenye kibuyu chake kilichofukizwa moshi, nikayamimina kitambaani yachujike, yabaki mazito. Nilisahau kwamba ya ngamia hayagandi kama ya ng'ombe. Niliporudi, kitambaa kilikuwa kitupu, maziwa yote yako kwenye bakuli la chini, na paka amekaa kando akinisubiri niondoke.

Ikabidi nitafute cha kuyashika yawe mazito. Nikachemsha mayai, nikaponda viini pamoja na kitunguu saumu, nikadondosha mafuta tone kwa tone huku nikikoroga, hadi kijiko kikaanza kuacha njia nyuma yake. Ndipo nikaongeza maziwa kidogo kidogo, ndimu, dania. Chumvi nikaiacha kwa ajili ya presha. Jiko zima likanukia kibuyu.

Ayeyo akachovya kidole, akakilamba, akachovya tena. Kisha akainua bakuli, akaanza kuinywa sosi kama chai. Sahani ya majani niliyomwandalia akaisukumia upande wangu.

"Haya yako," akasema. "Wewe ndiye una meno ya mbuzi."

Nikampokonya bakuli kwa adabu, nikamwambia hakuna sosi bila majani. Akanikazia macho kama anavyomkazia dalali. Halafu akanishika mkono, akatupa mtandio wake juu ya vidole vyetu, vile wauza ngamia wanavyopatana bei sokoni bila mtu mwingine kuona. Akanibana kidole kimoja: jani moja. Nikambana vyote vitano. Akavuta pumzi ya mtu aliyetukanwa, akabana viwili. Mama alipita akauliza tunauziana nini. Tukaendelea kubanana vidole, soko lilikuwa limechangamka.

Tulikubaliana vinne. Ayeyo akachovya majani yake, akayatafuna polepole, macho ameyafumba, midomo myeupe kwa sosi.

"Wallahi umenipunja," akasema.

Lakini mkono wake ulikuwa umesharudi chini ya mtandio, ukitafuta wangu, tupatane bei ya kesho.