Chuo Hakichaguliwi kwa Macho

Nakumbuka kiangazi kile baba aliposema nimekua, nikajifunze kufinyanga. Kwetu Mungaa walikuwapo wafinyanzi wawili waliopokea wasichana. Unapeleka jogoo, unakaa kwa mfinyanzi kiangazi kizima, unarudi na kazi yako. Baba akaniachia nichague mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwa Mama Hadija vyungu vilipangwa mbele ya nyumba, vyeusi, vinang'aa, hakuna chenye ufa. Kwa Mama Yohana ua mzima ulikuwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, na wasichana wake wamepakaa udongo hadi kwenye nyusi. Nikajiambia, kizuri chajiuza. Huyu wa vigae hajui kazi. Jogoo nikampelekea Mama Hadija.

Mwanangu, kiangazi chote nilichota maji na kuokota kuni. Udongo niliugusa kwa miguu tu, nikiukanda. Kufinyanga alifinyanga mwenyewe, sisi tukasugua vyungu kwa kokoto ving'ae. Ukiomba ujaribu, anasema, "Utaniharibia."

Niliporudi nyumbani, shangazi yangu akaniwekea bonge la udongo mbele ya wanawake wenzake. "Haya, mfinyanzi, tupe chungu cha mboga."

Kikabomoka ubavu. Nikaanza upya, kikabomoka tena. Mmoja akasema, "Mpeni mtungi akachote maji, hilo amefuzu." Wakacheka. Shangazi hakucheka.

"Ulipokwenda kuchagua uliangalia nini?"

"Vyungu vya Mama Hadija."

"Na vya wanafunzi wake uliviona wapi?"

"Sikuviona."

"Vile vigae vya kwa Mama Yohana ndivyo vya wanafunzi," akasema. "Kikivunjika wanakitwanga, wanachanganya na udongo mpya, ndipo chungu kinastahimili moto. Ungeuliza ungeambiwa. Kuuliza si ujinga."

Sikupata kiangazi kingine cha kujifunza. Mwaka uliofuata niliolewa, na hadi leo vyungu nanunua.

Wiki hii mjukuu wangu Rehema amekuja kutoka mjini Utemini na simu yake. Vyuo viwili vimemkubali asomee sayansi ya kompyuta, na anatakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya Ijumaa. Akishathibitisha, ile nafasi nyingine anapewa mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi. Tazama hili jengo, lote vioo."

"Marahaba. Hicho kingine?"

Akanionyesha: banda refu, mabenchi, ukuta umebanduka rangi. Moyo wangu ukakipenda hicho papo hapo. Lakini mimi kompyuta siijui, nikataka kujua.

"Hiyo kompyuta mtu anajifunzaje?"

"Unaiandikia maagizo, bibi. Ukikosea inagoma, unatafuta kosa."

"Wanafunzi wanaiandikia wenyewe, au wanamtazama mwalimu?"

"Sijui."

"Kila mtu na yake, au watano kwa moja?"

"Sijui, bibi."

"Waliomaliza mwaka jana wametengeneza nini?"

Akacheka. "Bibi, wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La nne. Jibu."

Akawapigia wasichana waliomtangulia shuleni, mmoja yuko kila chuo. Yule wa mabenchi akasema kompyuta nyingi ni mbovu, mwaka wote wa kwanza wameandika kwenye daftari. Yule wa vioo akasema, "Programu yangu imegoma tangu Jumatatu, nimelia, mwalimu amekaa nami hadi tumelipata kosa. Njoo."

Kumbe na mimi, na uzee huu, nilikuwa nakaribia kumpoteza mtoto kwa macho. Alithibitisha Alhamisi, kile cha vioo.

Basi mwanangu, sikuambii ukimbilie jengo bovu wala zuri. Usione vyaelea, vimeundwa; nenda kamuulize anayeunda. Tafuta mwanafunzi, siyo tangazo, umuulize wiki hii amefanya nini kwa mkono wake na amekosea wapi. Asipokuwa na kosa la kukusimulia, huko hawafundishi. Uulize kabla hujathibitisha, maana baadaye utakuwa unajuta tu.

Mungu akupe mwalimu mvumilivu, akufungue akili, akurudishe kwenu unajua kitu. Amina.