Siku Watu Walipochagua Josho

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na kadiri ninavyoikumbuka ndivyo inavyozidi kunichanganya. Nakuambia mapema usije ukanisikiliza ukingoja hekima iliyoiva. Juzi nyinyi vijana wa hapa Kibabii mlinikalisha kiti cha mbele, mkasema mnataka nasaha za mzee, nami nikageuka kumtafuta huyo mzee ni nani. Kumbe ni mimi. Miaka haibishi hodi.

Mmeniuliza mfanye nini. Mmezunguka mtaa kwa mtaa mkiwahimiza watu waje kwenye mkutano wa wadi, watu wakaja, wakasema mambo msiyoyataka. Wengine kati yenu mnataka kuacha kabisa. Wengine mnasema wananchi hawajui linalowafaa. Mimi sina jibu la haraka, lakini yalinipata kama hayo, kwa hivyo kaa nikueleze, kisha upime mwenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Serikali za kaunti zilikuwa bado changa wakati huo. Nilikuwa nimetoka kwetu Myanga, nikaenda Kitale kutafuta maisha, na nilikuwa nashona nguo katika kibanda kando ya soko. Hapo ndipo nilipojuana na Njoroge. Wazazi wake walihamia huku zamani kutoka mkoa wa Kati, lakini yeye alizaliwa kijiji kimoja juu ya Saboti, na huko ndiko alikolima viazi na kabeji alizoleta sokoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ungemsalimu akajibu, basi.

Kisha mkewe, Wambui, akashikwa na uchungu wa kuzaa. Zahanati ya kijiji ilikuwa ikifungwa jioni, na hata ingekuwa wazi haikuwa na chumba cha kujifungulia. Wakampandisha pikipiki kumleta Kitale. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikakwama kwenye matope, na mtoto akazaliwa barabarani. Hakuishi. Wanawake wa kijiji walimwosha na kumfunga kwa leso, na akazikwa nyuma ya nyumba.

Baada ya hapo Njoroge akaanza kusema. Alikuja kibandani kwangu akaniambia, "Nasimiyu, pesa za wadi zinapangwa na watu wachache wakiwa Kitale. Sisi hatuulizwi. Wewe unajua kuongea na watu. Nisaidie waje kwenye kikao cha wadi."

Basi tukaanza. Jumapili tulikuwa tunakwenda kanisa hili na lile, na baada ya ibada tunaomba dakika chache. Siku nyingine tulipita shamba kwa shamba. Wanaume walituuliza ni nani ametutuma na anawania kiti gani. Wanawake walisema, "Sisi tutasema nini huko? Si hayo ni mambo ya wazee." Mimi nilikuwa na jibu langu moja, na nililipenda sana. Niliwaambia, "Mama, njoo useme linalokuuma. Hilo tu."

Kulikuwa na bibi mmoja mjane, Kukhu Nafula, maana kwetu nyanya tunamwita kukhu. Huyo nilimfuata mara nyingi. Alikataa, akakataa, mpaka siku moja akasema, "Wewe msichana unasumbua. Haya, nitakuja."

Siku ya kikao ikafika. Kilifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mwanangu, watu walijaa. Walikuja wazee na fimbo zao, vijana wa bodaboda, akina mama na watoto mgongoni. Madawati hayakutosha, wengine wakakaa kwenye nyasi. Bwana aliyetumwa na kaunti kuongoza kikao alishuka kwenye gari akasimama kidogo akitazama, kama mtu aliyekosea njia. Mimi nilijisikia kama nimeshona nguo ya kijiji kizima na imemkaa kila mtu.

Njoroge alisimama akaomba wodi ya akina mama kujifungulia ijengwe kwenye zahanati. Hakupamba maneno. Alisema tu lililompata. Wengine walifuta machozi, nami nikajua tumeshapata.

Ndipo Kukhu Nafula akainua mkono.

"Mimi niliambiwa nije niseme linaloniuma," akasema. "Mtoto wa Njoroge tulimlilia sisi wote. Lakini ng'ombe wangu wanakufa kwa kupe. Hao ng'ombe ndio fees ya shule ya wajukuu, ndio chai, ndio dawa. Mkinijengea wodi leo, mtu wangu ataingia huko akiwa ameshika nini mkononi? Mimi nataka dipu."

Dipu, yaani josho la kuogeshea ng'ombe. La zamani lilikuwa limebomoka miaka mingi. Nilidhani watu watamcheka, lakini nilisikia, "Kweli," halafu, "Kweli kabisa," na mtu baada ya mtu akasimama kusema habari za kupe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi sikuwa na ng'ombe Saboti.

Kisha kijana mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Na hiyo wodi ni ya akina Njoroge. Si waende wajengewe kwao."

Wachache wakacheka. Kukhu Nafula akageuka polepole. "Wewe nyamaza," akamwambia. "Mimi sijasema hivyo, na usinitie maneno mdomoni. Kwao ni hapa."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Ya wodi haikuwa michache, nisiseme uongo. Lakini ya josho ilikuwa mingi zaidi, na mingi yake ilikuwa ya wanawake. Nilimwona Mama Chebet, jirani ya Njoroge, aliyemwosha yule mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Mkono ule ule ulikuwa juu kwa ajili ya josho. Nilimtazama. Akaangalia chini, lakini mkono hakuushusha.

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nilijiuliza kama hawa ndio watu niliowatafuta jua na mvua.

Yule bwana alituita kando, nyuma ya darasa, mimi na Njoroge. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani hata alituhurumia. "Hawa watu hawajaelewa," akasema kwa sauti ya chini. "Nyinyi vijana mnaona mbele. Nikiandika kwamba kikao kilivurugika, na yule wa nyuma si amekivuruga, tutakirudia Kitale na watu wachache wanaoelewa mambo. Wodi yenu mtapata."

Nilifungua mdomo kukubali. Wallahi nilikuwa nimeshaufungua. Lakini mtoto aliyezikwa hakuwa wangu, kwa hivyo nilimgeukia Njoroge nikingoja aseme yeye.

Alitazama ukuta wa darasa. Kisha akasema, "Andika walivyosema."

"Njoroge," nikamwambia, "mtoto wako..."

"Najua ni wangu," akasema. "Andika walivyosema."

Tulitengana pale bila kuagana. Nilimwona mjinga. Nilimwona hata hampendi mkewe, Mungu anisamehe. Lakini njiani kurudi Kitale nikajikuta najiuliza mbona hasira yangu yote iko kwa Njoroge na si kwa wale waliochagua josho.

Siku zile nilipoona giza nilikuwa nakwenda nyumbani Myanga kwa baba yangu, tuliyemwita Papa. Safari hii nilimkuta ameketi uani akipukuchua mahindi juu ya turubai. Nilikaa tukapukuchua pamoja, nikamweleza yote, nikitazamia anionee huruma. Papa hakuwa mtu wa kukatiza. Nilipomaliza akauliza:

"Uliwaita waseme, mayi, ama uliwaita wakuitikie?"

Mayi ni mama. Ndivyo alivyoniita akitaka nisikie vizuri.

"Niliwaita waseme, Papa. Lakini wamesema vibaya."

"Basi rudi ukaongee nao. Leo, na kesho, na mwakani. Wengi wape, ati. Lakini ukiwaibia neno lao kwa sababu ni baya, siku wakiwa na zuri utawapata wapi?"

Nikamuuliza, "Na mtoto mwingine akifa kabla hawajabadilisha neno?"

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi. Nilikuwa nimekulia mbele ya mtu huyo, mzee wa kanisa, aliyeamua kesi za mipaka na za ndoa, na sikuwahi kumwona akikosa la kusema.

"Hilo sijui," akasema. Akaendelea kupukuchua.

Josho lilijengwa. Njoroge mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe. Nilipomuuliza anawezaje, akanijibu, "Hata wangu wana kupe." Ng'ombe wakapata nafuu, maziwa yakarudi, na Kukhu Nafula akaacha kuuza kuku ili alipe fees. Nayaona hayo na siwezi kuyakana.

Na vikao vikaendelea kujaa. Watu walikuwa wameona kwamba walichosema kiliandikwa, na kilichoandikwa kilijengwa. Njoroge hakukosa hata kimoja. Kila mara alisimama akaomba wodi, bila kumlaumu mtu, akaketi. Mimi nilirudi pia, nikawa natembelea nyumba moja moja, na safari hii nikasikiliza zaidi kuliko nilivyosema.

Lakini kabla wodi haijapata kura, mvua ya mwaka mwingine ilinyesha, na binti ya Mama Chebet akashikwa na uchungu. Mama Chebet yule yule aliyeinua mkono. Barabara ilikuwa ile ile. Binti alipona. Mtoto hakupona.

Nilikwenda matangani. Mama Chebet alinishika mkono akaniketisha karibu naye. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Nasimiyu, ungekuwa ni wewe siku ile, na ng'ombe wako wanakufa, ungeinua mkono wapi?"

Hata leo sijamjibu.

Kikao kilichofuata, Kukhu Nafula ndiye aliyesimama wa kwanza kusema sasa ni zamu ya wodi, na mikono iliyoinuka sikuiona mwisho wake. Chumba kilijengwa, muuguzi akaletwa, na watoto wa Njoroge na Wambui wamezaliwa mle.

Unaona basi kwa nini nachanganyikiwa. Kuna asubuhi naamka hapa Kibabii nikisema Njoroge alifanya haki, na watu wale wakapata kujiamini ambako hakuna serikali ingeweza kuwapa. Kuna asubuhi nyingine nalikumbuka kaburi dogo la mjukuu wa Mama Chebet nasema tungedanganya tu, mara moja, na mtoto angekuwa shuleni leo. Nilipokwenda kumwona Njoroge nilimuuliza kama yeye hana shaka. Akasema, "Ninayo kila siku. Lakini ningedanganya, ningekuwa na shaka na aibu pamoja."

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, kwa kadiri ninavyoiweza.

Ukimwita mtu aje aseme, jua hujaita mwangwi wako. Atakuja na ng'ombe wake, na njaa yake, na pengine na chuki yake pia. Chuki ikatae pale pale, mbele ya watu, kama yule bibi alivyoikataa. Njaa isikilize. Ukishindwa kwa haki, beba mawe ya ulichoshindwa nacho, halafu kesho usimame tena uombe lako. Na atakapokuja mtu mpole kukuita nyuma ya darasa akuambie kwamba watu hawajaelewa, wewe unaelewa, hapo uogope kuliko unavyoogopa polisi, kwa sababu atakuwa anasema jambo ambalo tayari unaliamini.

Usidhani kwamba ukifanya haki moyo utatulia. Wangu haujatulia. Anayetaka kuongoza watu na pia alale bila swali, atafute kazi nyingine, kushona si kubaya. Lakini swali lisikufunge miguu. Wasiojua kama mimi na wewe ndio tunaohitaji kuulizana, na kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie masikio yasiyochoka, na mwenzako mmoja wa kukukatalia unapokosea. Akulindie nyumba yako wakati uko nje kwa ajili ya nyumba za wengine. Watu utakaowaita waje, na wakishasema, Mungu akupe moyo wa kubaki nao. Nenda salama, mwanangu.