Ngozi ya Mbula

Mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi mjini, na steshenari ya Kabula imepakana na banda langu, katikati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, na ushauri mbaya kuliko wote ulitoka kwenye mdomo wangu, ndiyo maana nikiyasema bado nachemka.

Kabula ana miaka thelathini na nne. Anapiga fotokopi na kuwaandikia watu barua za maombi, kucha safi, ungedhani hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Kumbe alichunga kwao Dutwa mpaka akamaliza darasa la saba, ng'ombe arobaini na mmoja wa baba yake, na kila mmoja alimjua kwa mwendo. Mzee alipofariki, wote walikwenda kwa Luhende, mdogo wake Kabula, kwa kuwa ndiye wa kiume. Kabula alipewa kitenge na pole.

Luhende huyo huyo ndiye aliyemwingiza kwenye ule mchezo wa simu. Watu wanafuga wanyama wa kupanda, mwili wa farasi na pembe za pofu, halafu wanashindana mbio mtandaoni na watu wa nchi nzima. Mwanzoni nilimcheka. Mtu mzima, wateja wamepanga foleni, yeye anamlisha mnyama asiyekuwepo! Akaniketisha, akanieleza. Kila mnyama ana kasi yake. Ndama hupata kasi iliyo kati ya mama na baba, na kwa bahati sana huwapita wote wawili. Kisha kuna tabia: anachukua moja kwa mama, moja kwa baba. Yupo asiyechoka mlimani, yupo asiyepunguza mwendo kwenye maji, na yupo mwoga, ngurumo ikipiga anasimama katikati ya mbio.

"Wenzangu wanatafuta kasi tu," aliniambia. "Baba alikuwa anatazama kwanza kama dume ni mwoga."

Kwa akili hiyo ya zizini, baada ya miaka mitatu alimpata Mbula. Mbula kwa Kisukuma ni mvua. Wanyama wa kawaida walikuwa na kasi ya sitini. Mbula alikuwa na mia moja na kumi na nane, hachoki, haogopi maji. Watu wa Arusha na Dar walikuwa wanaandika kumwomba ndama. Alichapisha ukoo wake wote kwenye karatasi, akaubandika juu ya mashine ya fotokopi. Hao ndio walikuwa mifugo yake ya kwanza, na sikucheka tena.

Mwaka jana akapatikana na uvimbe tumboni. Akatakiwa kwenda Mwanza kupasuliwa. Hakulilia tumbo lake, alimlilia Mbula, maana mnyama asipolishwa na kupandwa kwa siku tatu hupoteza tabia moja, na siku tatu nyingine hupoteza ya pili.

"Mpe ndugu yako," nikasema. Ndiyo, ni mimi.

Luhende akaja dukani. Wakapatana jinsi Wasukuma tunavyopatana mtu anapompa mwenzake ng'ombe amfugie: mfugaji anakunywa maziwa, ng'ombe na uzao wake wanabaki wa mwenyewe, na ng'ombe akifa, mfugaji analeta ngozi. Mimi nilikuwa shahidi. Simu ikauliza kama ana uhakika, kwamba mnyama akishahamishwa harudi bila ridhaa ya aliyepewa. Kabula akabonyeza ndiyo pasipo kusita. Shahidi yupo, ndugu yupo, aogope nini?

Alilazwa wiki mbili. Luhende alimpigia kila jioni. "Dada, Mbula anakula vizuri. Amezaa dume." Kabula alinisimulia kwa simu kwa furaha, sauti bado dhaifu.

Aliporudi, ahadi zikaanza. Leo mtandao, kesho simu haina chaji. Mwezi ukaisha. Ndipo tukaenda Dutwa kwa baba yao mdogo, mzee Mayunga, yeye aliyegawa wale ng'ombe arobaini na mmoja. Luhende naye akaitwa.

"Mwangaluka, baba," tukasalimia, tukakaa.

Mzee hajawahi kumiliki simu ya kupangusa, lakini alielewa kuliko nilivyoelewa mimi. "Alizaa mara ngapi? Dume lilikuwa la nani?" Kabula akamjibu, mzee akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia Luhende. "Mrudishie dada yako ng'ombe wake."

"Hayupo, baba. Alikufa."

"Ngozi iko wapi?"

Luhende akainama. Mzee akauliza tena, kwa sauti ile ile. Jamaa akatoa simu. Kwenye kioo alisimama yule ndama, sasa dume kubwa, kasi mia moja hamsini na sita. Kabula akaelewa kabla yetu. Mchezo unaruhusu mzazi kuyeyushwa ndani ya mtoto. Mzazi anatoweka, mtoto anajaziwa nusu ya kasi yake. Kinachobaki ni tandiko la ngozi ya mzazi.

Dume lilikuwa na tandiko mgongoni, rangi ya Mbula. Kabula akaligusa kwa kidole, maandishi yakafunguka. Akayasoma kwa sauti.

"Mbula. Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi."

Akaondoa kidole kwenye kioo. "Saa nne Jumanne hiyo nilikuwa kwenye meza ya upasuaji."

"Dada," Luhende akasema, "madaktari walituambia ni nusu kwa nusu. Kwamba huenda usiamke."

"Na jioni ukanipigia kuniambia anakula."

Mzee Mayunga akakohoa, akasema dume ni la Kabula, uzao ni wa mwenye mama, lihamishwe sasa hivi. Luhende akaanza kubonyeza. Kabula akamshika mkono.

"Baki naye," akasema. "Mifugo ya baba ulipewa akiwa amekufa. Ya kwangu umejipa nikiwa hai."

Tukarudi Bariadi. Asubuhi nilisikia upande wa pili ile karatasi ya ukoo ikibanduliwa ukutani, taratibu, kona moja baada ya nyingine. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, nikaona aibu, nikaendelea kushona.