Chale Isiyokauka

Nilipokuwa mtoto, hakimu wa kijiji chetu hakuwa mtu, ilikuwa chale. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani tukapangwa kando ya ziwa, nyumba kwa nyumba. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Watoto wachanga walipofululiza kufa, mganga akaletwa. Alimnyoa kila mtu mzima, akamchanja mguuni.

"Ya mwema itakauka," alisema. "Ya mchawi itatoa maji."

Shangazi Kristina, dada wa baba aliyeishi nasi, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi alijidunga dawa ya hospitali ya misheni kule Liuli, na chupa aliifukia kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi, isiharibiwe na joto. Baada ya kuchanjwa, hofu ikamwingia. Akishika sindano anatazama mlango kwanza: je, mtu akichungulia? Akawa anaruka siku. Hakulala, hakula sawasawa. Sukari ikapanda, chale ikaoza.

Walikuja Jumapili, wametoka kanisani. Mama Oswadi, jirani aliyeomba chumvi kwetu jana yake, ndiye aliyemfunua kanga mguuni.

"Jamani, inatoa maji!"

Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, nikaona meno yakidondoka. Walimburuta hadi uani, wakampiga kwa michi na mateke, naye akiwaita kwa majina yao. Mtu akapindua mtungi. Chupa na sindano zikaonekana.

"Mumiani! Hii ndiyo anayowafyonzea damu watoto wetu!"

Wakaiponda chupa. Baba alipotokea na panga, wakatawanyika wakitukana. Niliwachukia wote siku ile, na sijamaliza.

Kipigo hakikumuua. Baba alikwenda Liuli akarudi na chupa nyingine. Shangazi akageukia ukutani.

"Kaka, irudishe. Wakiiona tena watakuua na wewe."

Alibembelezwa, akakataa. Alifariki kabla ya mavuno ya mahindi. Msibani watu walinong'ona kwamba chale haikosei.

Sasa sukari ninayo mimi. Daktari huniuliza nimekula nini. Hajawahi kuniuliza namwogopa nani. Wageni wakiwepo, sijifichi chumbani. Najidunga sebuleni, mlango wazi, majirani wakipita na kunisalimu. Lakini kabla ya kudunga, bado natazama nani yuko mlangoni.