Wimbo Mbovu Wenye Sauti ya Mke Wangu

Mwenye ukurasa, naomba ulifiche jina langu, maana huku Tawa tunajuana sote. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na shemasi kanisani. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Mwende, alifariki kabla ya mvua zilizopita. Sijalia. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Naeleza hali ilivyo.

Jambo la pili mnalopaswa kulijua ni kwamba mimi ni shabiki wa muziki wa roki, hasa ule wa panki, wenye magitaa makali na waimbaji wanaopaza sauti. Mnaweza kucheka. Nilipokuwa kijana nilinunua koti la mtumba pale Sultan Hamud, nikakuta kaseti mfukoni. Nilipoicheza nyumbani, Mama Mwende aliuliza watu wale walikuwa wanagombana na nani. Tangu siku hiyo hatukuacha kubishana. Yeye alipenda rekodi chafu, ambazo unasikia mtu akikohoa au kiti kikiburutwa. Mimi napenda kazi iliyonyooka.

Siku hizi kuna kikundi cha mashabiki mtandaoni, nami huandika humo maoni yangu kuhusu albamu mpya, hasa za bendi ndogo zinazojirekodia zenyewe bila kampuni. Sipambi maneno. Wimbo wa panki ukizidi dakika tatu umegeuka hotuba. Mwimbaji wa Machakos anayeimba kana kwamba alizaliwa Marekani, namwambia arudi nyumbani. Ngoma zikikimbia na kuliacha gitaa nyuma, naandika kwamba zinakimbia. Kila nilipomsomea Mama Mwende maoni hayo alikuwa akisema, "Mwalimu, wewe unasahihisha mtihani. Hao watoto wanacheza."

Vijana wanne wa hapa kwetu walisikia habari zangu, wakaja kuomba mahali pa kufanyia mazoezi. Niliwapa ghala la mahindi, ambalo kwa miaka hii ya ukame limekuwa tupu. Anayeimba ni msichana aitwaye Mbithe. Mchana huuza dawa za mifugo sokoni. Mama Mwende aliwapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nao wakamwita Mwaitu, mama yetu.

Siku waliyorekodi wimbo wao wa kwanza, nilikuwa nimeketi ndani ya ghala juu ya gunia. Mpiga ngoma alikwisha kuanza kugusagusa ngoma zake, na mashine ilikuwa inarekodi, mlango ukafunguliwa. Mama Mwende akasema, "Mwalimu, muthokoi unapoa. Na nyinyi, mtapiga hayo makopo mkiwa na njaa?" Vijana wakacheka, kisha wimbo ukaanza hivyo hivyo.

Tulipousikiliza baada ya kula, niliwaambia ukweli. Ngoma zilikimbia, gitaa halikuwa limekazwa vizuri, na Mbithe alisahau nusu ya ubeti wa pili. Niliwashauri waurudie. Mama Mwende alikataa. Alisema wimbo ule ulisikika kama nyumba yenye watu. Tulibishana hadi vyombo vikaoshwa.

Haukupita muda mrefu akaugua, akaondoka. Siku ya mazishi watu walisema nimejikaza kiume. Nilichokuwa nikisikia mimi ni spika za kanisa zikivuma, nikamwendea fundi nikamwambia apunguze besi. Tangu hapo zimetoka albamu kadhaa, na mashabiki wananiuliza maoni. Nazisikiliza zote. Nasikia gitaa, nasikia ngoma, lakini siwezi kuwaambia kama ni nzuri. Ni kama kula ukiwa na mafua.

Mwezi huu vijana walirudi. Walikuwa wameurekodi wimbo upya kama nilivyoagiza, na wanataka kuutoa uwe wa kwanza kwenye albamu yao. Mbithe aliketi mlangoni akaniwekea rekodi zote mbili kwenye simu yangu, tukazisikiliza.

"Hii mpya iko sawa, Mwalimu, ata wewe unaskia," alisema. "Lakini Mwaitu hayuko."

Nilimuuliza kwa nini wasiikate ile sauti wakaibandika kwenye rekodi mpya. Walikwisha kujaribu. Ngoma za siku ile zimo ndani ya maneno yake, haziondoki. Walipoipachika ilisikika kama tangazo la kifo redioni, wakaifuta.

"Sisi tumeshindwa kuchagua," Mbithe alisema. "Chagua wewe. Ukisema mpya, tunatoa mpya, na hakuna mtu atakasirika."

Nilimpigia simu binti yangu aliye Nairobi. Alisema, "Baba, toeni ule wa mama. Nani anajali gitaa?" Mimi najali gitaa. Nimewaambia vijana wengi, baadhi yao wakienda zao na machozi, kwamba wimbo mbovu hautolewi kwa sababu ya huruma. Hawa wanne hawajawahi kutoa kitu chochote. Wakijulikana kwa rekodi ile, watu wa kikundi chetu wataandika yale yale ambayo ningeandika mimi, na watakuwa wamesema kweli. Nikiuchagua mpya, Mama Mwende atabaki kwenye simu yangu peke yangu, naye hakupenda kukaa na mtu mmoja.

Leo asubuhi nimeusikiliza ule wa zamani. Ngoma bado zinakimbia. Baada ya yeye kusema muthokoi unapoa, vijana wanacheka, halafu pana kimya kifupi kabla ya vijiti kugonga. Kimya hicho ni changu. Sikumjibu, kwa kuwa tulikuwa tunarekodi.

Vijana wanataka jibu Jumapili baada ya ibada. Pole nimeshapewa za kutosha, kwa hiyo msiniandikie pole. Nyinyi mnaosikia muziki bado, niambieni tu: nichague upi?